Mwili Bunda, Shingo Butiama: Nilivyolifuata Gita la Baba

Mpaka mwezi uliopita niliamini kabisa kwamba gita la umeme lisilo na tundu huhifadhi nyimbo ndani yake. Maelezo yalikuwa ya kisayansi. Gita la kawaida lina tundu tumboni, wimbo ukipigwa unatoka na kwenda zake. Lakini gita la umeme la zamani ni mbao ngumu iliyozibwa kila upande, kwa hiyo ukilipiga bila kulichomeka kwenye umeme, wimbo unakosa pa kutokea. Unabaki humo. Miaka ikienda nyimbo zinajazana, na gita linazidi kuwa zito. Aliyenieleza haya ni baba, nikiwa darasa la pili, akanipakatisha gita lake kama ushahidi. Lilikuwa zito kama ndama aliyeshiba. Nikakubali, na nikaendelea kukubali nikiwa na mke, watoto watatu na cheti cha kidato cha nne nilichokisotea shule ya jioni, ambako Fizikia nilifaulu kwa alama nisiyoitaja kwa sababu ya unyenyekevu.

Nyie mlionizingira dukani mkitaka kujua nilipotelea wapi siku tatu na kwa nini nilirudi na gunia mgongoni, haya ndiyo majibu. Mkiuliza tena nitawatoza.

Baba aliachana na lile gita nikiwa darasa la nne. Alimpa Mzee Magesa, mkulima wa pamba, naye Magesa akamlipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Baba alipofariki hakuacha sauti yake popote. Kaseti ilikuwa moja tu, na shangazi alirekodi mahubiri juu yake, pande zote mbili, Mungu ampe pumziko. Kwa hiyo nilipoona kwenye simu tangazo la mtu wa Bunda, "Gita la umeme la zamani linauzwa, kila kitu ni chake cha kiwandani, hakijabadilishwa hata skrubu," na kwenye picha ule mkwaruzo wa umbo la samaki karibu na vitufe vya sauti, mimi sikuona gita. Nilimwona baba kabanwa humo ndani, anasubiri mtu mwenye bisibisi. Nikajiapiza nitamfungulia mbele ya mama.

Picha, sasa nikikumbuka, ilikuwa imekatwa vizuri sana upande wa juu.

Musoma hadi Bunda

Musoma hadi Bunda ni mwendo wa saa moja na kitu. Sisi tulitumia saa tano, na hatukupata pancha hata moja.

Gari lilikuwa dogo, safi, na dereva mstaarabu anaitwa Wambura. Tulipopita njia panda ya Butiama alipunguza mwendo, akakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe, akasimama mbele ya boma lenye watu wengi.

"Dakika kumi," akasema. "Namzika shemeji."

"Unamzika peke yako?" akauliza mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa.

"Nasaidia, mama."

Basi tukashuka kusaidia. Mimi nilikaa nyuma kabisa kwa adabu, lakini mzee mmoja akaniuliza nimekuja na nani. Nikasema na Wambura. "Basi wewe ni wa upande wa wakwe," akasema, akanihamishia mbele. Nikaletewa ugali na nyama ya kutosha kulisha wilaya. Nilipokuwa naumaliza, mzee yule akasimama akatangaza kwamba mwakilishi wa wakwe kutoka Musoma atasema maneno mawili.

Nikasimama. Nilimsifu marehemu kwa ukarimu wake, jambo ambalo nilikuwa na ushahidi nalo, maana mfupa ulikuwa bado mkononi. Watu walilia. Yule mama wa dagaa alilia kuliko wafiwa. Hapo simu yangu ikaita, na alikuwa mjomba Manyama, kaka wa mama, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba. Nikasogea pembeni.

"Umefika Bunda?"

"Niko msibani, mjomba."

"Nani kafa?"

"Simjui."

Akatoa pole kwa heshima. Halafu akasema, "Kuwa makini na hao wauzaji. Watu siku hizi ni wezi. Mimi Tungaraza aliniibia risasi."

Naomba nieleze hapa, kwa sababu kila simu ya mjomba lazima ifike kwenye habari hii. Risasi anazozisema ni zile za nyavu, vipande vya madini vinavyobanwa kwenye kamba ya chini ili wavu uzame. Nikiwa mtoto, siku moja wavu wake mpya ulikataa kuzama, ukaelea kama kanga ya kufuliwa, na kambi nzima ikamcheka. Kuhesabu risasi, sita hazipo. Jirani yake kambini ni Mzee Tungaraza. Upelelezi ukaishia hapo. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na kisiwa chenyewe ukikohoa huku unasikika kule. Watoto wao walioana, na mjomba alihudhuria harusi akiwa amegeukia ziwani.

"Ziangalie skrubu zote," mjomba akamalizia. "Wanabadilishaga."

Bunda

Aliyetoa tangazo anaitwa Masatu, mtoto wa mwisho wa marehemu Mzee Magesa, kijana mpole, anafundisha kwaya. Mama yake akanipikia ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na furu, vile visamaki vidogo vya ziwani vyenye miiba mingi kuliko nyama. Nikala kimya, kwa tahadhari. Baadaye Masatu akaingia ndani, akatoka amebeba kitu kimefungwa shuka, akakiweka mapajani mwangu kama mtoto wa ubatizo.

Nikafunua. Mkwaruzo wa samaki upo. Vitufe vipo. Pikapu zote mbili, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, zipo. Uzito upo, tena umeongezeka. Nikalitikisa kidogo na ndani kikagonga kitu, ko, ko. Nikakohoa ili nisitokwe na machozi mbele ya mteja, kisha nikakumbuka mteja ni mimi.

Ndipo nikaona kwamba pale juu, mahali ambapo gita huwa linaendelea, hili lilikuwa limeishia.

"Masatu, shingo iko wapi?"

"Shingo iko Butiama."

"Inafanya nini Butiama?"

"Ilirithiwa."

Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Mzee Magesa alikuwa na nyumba mbili: nyumba kubwa, yaani mke wa kwanza, Butiama, na nyumba ndogo hapa Bunda kwenye mashamba ya pamba. Alipofariki ukoo ukakaa kugawa. Ng'ombe wakagawanywa, mbuzi wakagawanywa, baiskeli ikaenda huku na pampu ya kupulizia pamba ikaenda kule. Wakafika kwenye gita. Kuliuza hawakutaka, marehemu alikuwa akilipenda. Kuipa nyumba moja ni kuidhulumu nyingine. Walikaa siku mbili. Siku ya tatu binamu mmoja, fundi seremala, akaligeuza na kuona skrubu nne nyuma, mahali shingo inapokutana na mwili. Ukoo mzima ukapiga makofi. Nyumba kubwa ikachukua shingo, nyumba ndogo ikachukua mwili, haki ikatendeka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika kwamba halipigiki.

"Lakini tangazo linasema kila kitu ni chake."

"Umeona kisicho chake hapo?"

Nikatafuta. Kwa kweli sikuona.

"Hata mfuniko wa nyuma hatujawahi kuufungua," akasema. "Mimi ningeliuza zima, ila mama mkubwa kule hana simu. Wewe nenda na mwili, ukifika mwonyeshe, atakupa shingo. Hana neno."

Mama yake, ambaye alikuwa anakusanya vyombo, akasema, "Mimi hiyo mbao nilitaka kukatia mboga, Masatu akanuna wiki nzima."

Bei tulielewana. Siitaji, kwa sababu mke wangu anajua kusoma. Nikalala hapo, asubuhi nikaondoka na mwili wa gita ndani ya gunia, najiona mtu mwenye akili sana.

Bunda hadi Butiama

Nikarudi nilikotoka mpaka njia panda ileile niliyoipita jana nikiwa mkwe wa watu. Pale nikachukua bodaboda. Kijana akalitazama gunia.

"Mzigo gani, kaka?"

"Gita."

Akalipapasa. "Mbona halina shingo?"

"Shingo iko mbele, nyumbani kwa marehemu."

Aliendesha polepole kuliko bodaboda wote waliowahi kuzaliwa Mara, na kila kwenye tuta alipunguza mpaka tukawa tunapitwa na bata. Tulipofika alikataa chenji, akanipa pole.

Butiama

Mama mkubwa anaitwa Mama Nyabise. Ni mwembamba, amenyooka, na anakutazama kama mtu anayechagua mbegu. Nilimkuta na shemeji yake, Mzee Wanjara, wanapukuchua mahindi. Nikaamkia, nikakaa, nikaeleza kwamba nimenunua mwili wa gita Bunda na ninaomba shingo.

Mahindi yakaacha kudondoka.

Wakaitana pembeni. Akaja mwingine, wakawa watatu, wakawa watano. Mzee Wanjara akarudi, akanizunguka, akatazama masikio yangu kushoto na kulia, halafu akaomba nivue kiatu.

"Vidole vya Magesa havikuwa hivi," akawaambia wenzake.

Ndipo nikaelewa. Mtu mzima anatokea asiyejulikana, begani ana nusu ya urithi wa marehemu, anadai nusu ya pili. Ukoo ulikuwa umeshaamua kwamba mimi ni mtoto wa nje, nimekuja kutambulishwa. Na ninavyowajua, wangenipa na mbuzi.

"Mzee, mimi baba yangu ni mwingine," nikasema. "Ni Biseko wa Musoma. Gita lilikuwa lake kabla ya Mzee Magesa."

Mama Nyabise akaweka gunzi chini. "Biseko wa gita?"

"Ndiyo, mama."

"Yule aliyekuwa anakujaga kila mwaka pamba zikiisha?"

Sikumwelewa, akaona. Akanieleza kwamba baada ya kubadilishana kwa mtamba, gita lilikaa hapa nyumba kubwa, na baba alikuja kila mwaka kulisalimia, kama mtu anavyokwenda kumwangalia ng'ombe wake aliyemweka kwa rafiki. Anakaa pale kwenye kigoda, umeme hakuna, analipiga hivyohivyo, sauti ndogo ya kusikilizwa na wawili watatu. Anakunywa togwa, anafunika gita, anaaga.

Mimi nakumbuka zile safari. Baba alituaga anakwenda Butiama kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe Butiama, na katika nyumba ya watu wanane wenye midomo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Alikuwa anapiga nini?" nikauliza.

"Nyimbo tatu. Mwaka ukirudi, zilezile tatu." Akaguna mmoja, puani, huku anaokota gunzi. Ulipanda kidogo, ukashuka, ukasita kama mtu aliyesahau ufunguo, ukapanda tena.

Moyoni nikamsikitikia. Tatu ni zile zilizobahatika kutoka. Mamia mengine yako humu kwenye gunia, ko, ko.

"Basi mama, naomba shingo."

"Umeanza kupita nyumba ndogo?"

"Ndiyo, mama."

"Wakakupa mwili."

"Walinipa."

"Halafu ndiyo ukaja nyumba kubwa."

Nikaanza kuona nilipokosea. Mimi nimekulia hukuhuku, najua kabisa kwamba nyumba ndogo haitangulii kutoa kitu nyumba kubwa ikiwa haijatoa. Lakini niliona gita, nikasahau nyumba.

"Shingo haitoki," Mama Nyabise akasema bila ukali wowote. "Ikitoka sasa, nitakuwa nimemfuata mke mdogo. Sijamfuata nikiwa msichana, siwezi kumfuata nikiwa na wajukuu."

"Nikirudisha mwili Bunda?"

"Utakuwa umerudisha. Lakini ulishatoka."

Nawaambia ukweli, hapo mzaha uliniisha. Nilikuwa nimekaa mita tatu kutoka kwenye shingo ya gita la baba, naiona kupitia mlangoni, imening'inizwa ukutani juu ya kabati na imeanikiwa soksi, na nilikuwa naondoka bila hiyo kwa kosa langu mwenyewe. Sikubisha. Nikabaki nimeshika gunia, na nadhani nilikaa hivyo muda mrefu, kwa sababu Mzee Wanjara akasema, "Shemeji, huyu leo hatakula."

Mama Nyabise akanitazama, akatazama gunia. "Kwani huyu amefika?" akauliza.

"Amefika," akasema Mzee Wanjara. "Si huyo hapo."

"Mimi nauliza, nani aliyemwona akifika?"

Ukoo ukafikiri. Ukoo ukaona kwamba, kwa kweli, hakuna aliyeniona.

Simu ikapigwa Bunda. Nikala ugali ambao sikuula, nikalala kwenye kitanda ambacho sikukilalia. Kesho yake asubuhi Masatu akaja na pikipiki, uso umemshuka, akaamkia kila mtu, akaomba radhi kwa niaba ya nyumba ndogo. Nikamkabidhi mwili. Akatoka nao nje ya boma akasimama nyuma ya mti wa mkuyu. Kisha na mimi nikatolewa nje, nikaambiwa nifike.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akasema Mama Nyabise. "Za Musoma?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mgeni, umetoka mbali, hujala."

Nikakaa kwenye kigoda, nikaletewa uji, nikaulizwa jina, nikaulizwa baba yangu nani, na nilipotaja Biseko wote wakashangaa upya kwa ustadi mkubwa. Mzee Wanjara alitaka kuniangalia vidole tena, akakatazwa. Nikaeleza shida yangu. Mama Nyabise akaingia ndani, akaondoa soksi, akanipa shingo kwa mikono miwili. Hapo ndipo Masatu akatokea mkuyuni, naye akiwa ndiyo kwanza anafika, akanipa mwili.

Binamu seremala akaletwa na skrubu zake nne, alizokuwa amezihifadhi kwenye kopo la kahawa miaka yote. Akafunga. Nyuzi zilikuwa na kutu, mbili zimekatika, lakini nilipoligusa lilitoa kasauti, kama mbu ndani ya chupa. Watu wote wakasogea karibu.

"Ndilo," akasema Mama Nyabise. "Hivyohivyo lilikuwaga."

Nikataka kuwapigia kitu. Sijui kupiga gita.

Butiama hadi Bweri

Garini nilikaa na jamaa anayechimba dhahabu Buhemba. Kila gari likiyumba, gunia linasema ko, ko. Akaomba alinyanyue, akalipima mkononi, akapunguza sauti.

"Kaka, mbao haina uzito huu. Hapo kuna mzigo."

"Ni nyimbo."

"Sawa," akasema. "Na mimi kazini tunaziitaga hivyohivyo."

Mpaka tunafika Musoma mjini alikuwa ananitunza kama mke mpya. Alininunulia soda na karanga, na aliposhuka aliandika namba yake kwenye mkono wangu, si kwenye karatasi, ili isipotee. Nikachukua bodaboda hadi Bweri, kwa mama.

Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa uani anachambua dagaa kwenye ungo, anaguna wimbo wake ule wa kila siku, ambao tangu utoto nilidhani ni wa kanisani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwamkia. Wimbo ukapanda kidogo, ukashuka, ukasita, ukapanda tena.

"Mbona umesimama hapo kama mgambo?" akasema.

Nikakaa. Nikalitoa gita kwenye gunia, nikamwekea mapajani. Alipapasa ule mkwaruzo wa samaki kwa kidole chenye magamba ya dagaa, akalipapasa tena, akalisukuma kwangu taratibu lisichafuke.

Ndipo nikamweleza kilichonipeleka. Nikaeleza nyimbo zilivyobanwa humo, mbao ilivyozibwa, uzito, zile ko, ko. Nikatumia na istilahi za Fizikia. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Majura, una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja, mama."

"Na ile shule ya jioni ulimaliza?"

"Nilimaliza. Uliletwa na kwenye mahafali."

"Fungua huo mfuniko wa nyuma."

Nikachukua bisibisi. Siwadanganyi, nilisogeza sikio ili nisikose hata noti moja. Mfuniko ukaachia. Kikadondoka kitambaa cha kanga kilichooza, na kutoka kitambaani vikabingirika kwenye ungo, katikati ya dagaa, vipande vya madini ya kijivu, vizito, kila kimoja ukubwa wa pingili ya kidole, vimepasuliwa upande mmoja ili kubana kamba. Nikavihesabu. Vilikuwa sita. Masatu wa watu hakudanganya kwa makusudi, lakini tangazo lilikuwa na kosa moja: kulikuwa na kitu kisicho cha kiwandani, na kilitiwa na baba.

Simu ikaanza kuita. Kioo kikaandika Mjomba Manyama.

"Usipokee kwanza," mama akasema, anatoa vile vipande kwenye dagaa kimoja kimoja. "Kichwa cha hilo gita kilikuwa kinaangukaga. Akikaa nalo, shingo inashuka chini, inamchosha mkono. Akatafuta kitu kizito cha kutia huku nyuma lisimame sawa. Zile habari aliwaambia nyie ili msilichezee. Nyimbo alijua tatu, na tatu zenyewe hata mimi nazijua."

Simu ikakatika, ikaanza tena.

"Ndani ya gita hamnaga wimbo, Majura. Mna risasi sita za mjomba wako."